Dumu la Ulanzi Kwenye Gari ya Nyota

Uwemba kuna watu ambao mpaka leo wakiniona nashuka kwenye gari wanaziba pua, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, maana aibu ile niliipeleka mwenyewe mpaka uani kwa watu, tena kwa gari, sikulazimishwa na mtu.

Naitwa Festo, nina duka la mbolea na mbegu hapa Makambako, na kama unanifahamu basi unaifahamu na gari yangu, kwa sababu sijawahi kumwacha mtu aondoke dukani bila kuisikia habari yake. Ni ile ya Kijapani yenye nyota puani. Jina silitaji, tangazo la bure sifanyi, wenye nazo wanajijua na wasio nazo wanatuona. Tuna kundi letu la mtandaoni, wenye gari za nyota wa Njombe nzima, na humo ndani hatuzungumzi siasa wala mpira, tunazungumza gari. Kuna mmoja wa Lugarawa aliyempeleka mama mjamzito hospitali usiku wa mvua, kwenye mteremko ambao malori yalikuwa yamelala, na hadithi hiyo ameituma mara nyingi mno, na kila akiituma tunamsifu upya. Mtu akisema inakunywa mafuta tunamwambia hata ng'ombe wa maziwa anakula. Mtu akisema spea zake ghali tunamtoa kwenye kundi.

Sasa. Mwaka ule nilikuwa na mchumba, Skolastika, mwalimu wa chekechea, kwao Uwemba karibu kabisa na misheni. Tumependana vizuri, tumeelewana, limebaki jambo moja la kwenda kwao kujitambulisha na kuposa, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Dada yake mkubwa aliolewa na mlevi. Yule bwana alikunywa viazi vya shamba zima, akanywa mabati ya nyumba, mwisho dada akarudi nyumbani na watoto watatu na kovu kwenye nyusi. Tangu hapo baba yao, Mzee Mtewele, aliacha pombe yeye mwenyewe na akaweka neno moja, ambalo Skola alinieleza akiwa amenishika mkono, bila kucheka hata kidogo: mlevi hapiti tena kwenye mlango ule, hata aje na askofu.

Mimi nikacheka. Pombe na mimi wapi na wapi, mimi ni mtu wa soda. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, siku nikifika kwao wataona wamepata mkwe wa kuigwa.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, anakaa Mdandu, mtu mzima anayejua maneno ya posa. Asubuhi ya siku yenyewe nikamfuata na gari nimeiosha mpaka inatia aibu kuikanyaga, viti nimevalisha vitambaa vipya vyeupe (vyeupe, mwezi wa pili, Njombe, tope lote lile, lakini msiniulize), na mimi mwenyewe nimevaa suti ya kijivu. Nakuta baba mdogo ananisubiri barabarani na dumu la lita ishirini la ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Nikamwuliza, baba, tunakwenda kwa mtu asiyetaka pombe, hili dumu la nini? Akaniambia si la Mzee Mtewele, ni la bibi yake Skola, mama mzazi wa mzee, na yule bibi ametuma salamu kwamba posa isiyo na ulanzi yeye haitambui, na wamekubaliana huko huko kwao kwamba cha bibi ni cha bibi. Tena huu ni mtamu, umegemwa alfajiri hii hii, hata mtoto anakunywa. Nikalikubali. Kosa halikuwa dumu.

Kosa ni kifuniko. Mtu yeyote aliyezaliwa kwetu anajua kwamba ulanzi unasafirishwa mdomo wazi, au kifuniko kimelegezwa na kimewekewa majani kidogo, kwa sababu ulanzi hauachi kuchacha eti kwa kuwa wewe uko safarini. Mimi nilizaliwa huku, nimekua huku, nimetumwa ulanzi tangu nina meno ya utoto. Lakini nilivyoviona vitambaa vyangu vyeupe nikaliona na povu linalochungulia kwenye mdomo wa dumu, akili ikahama. Nikachukua nailoni, nikaikunja mara mbili, nikaiweka chini ya kifuniko, nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Baba mdogo akaniangalia. Akasema, "Mwanangu, huo unapumua. Uachie njia."

Nikamwambia baba, hii si gari ya kubebea mbao, hii ina vitambaa. Akapanda nyuma, akalibana dumu katikati ya miguu yake, hakusema tena. (Wazee wetu wana tabia hiyo, wanakuambia mara moja, halafu wanakuacha uende ukajionee.)

Baridi ilikuwa ile yenyewe ya Njombe, ukungu mpaka kwenye mashamba ya chai, kwa hiyo nikawasha hita. Hita ya gari yangu ni nzuri sana, kwenye kundi imesifiwa, inapuliza mpaka miguuni kwa abiria wa nyuma. Nilimweleza baba mdogo sifa zake kuanzia Mdandu mpaka Njombe mjini, na nilipoishiwa za hita nikaanza za injini. Yeye anajibu "ehe" tu. Tulipotoka mjini kuelekea Uwemba akaniambia hili dumu limeanza kunenepa. Nikamwambia ni barabara inatikisa.

Kuingia uwanjani kwao Skola kuna kimlima, na siku ile kilikuwa tope tupu, na juu yake wamesimama wanawake wa ukoo na shangazi yao mbele, wametoka kutupokea, na pembeni kuna pikapu mbili zimekwama. Mtu mwenye busara angepaki chini akapanda kwa miguu, wageni wa posa hawana haraka. Mimi nilipoziona zile pikapu zimekwama na watu wanatazama, damu ya kundi ikachemka. Nikakanyaga mafuta. Na niseme ukweli, ilipanda, ilipanda vizuri mno, inarushwa huku inarushwa kule, matairi yote manne yanafanya kazi, na wanawake wakaanza vigelegele, na mimi nikafungua kioo niwapungie mkono, na hapo hapo ndipo dumu lilipolipuka.

Nilidhani tairi. Kifuniko kilipiga dari, kikarudi kikanipiga kisogoni, halafu ulanzi ukatoka wote kwa mkupuo, ukapanda juu, ukashuka kwenye suti, kwenye vitambaa vyeupe, kwenye kofia ya baba mdogo, mpaka kioo cha mbele sioni kitu. Nikafunga breki katikati ya uwanja wao. Mlango ukafunguliwa, vigelegele vikakatika, na shangazi mtu akarudi nyuma hatua chache huku ameshika mtandio puani.

Kugeuza hatuwezi, tumeshaonekana. Tukajipangusa na vitambaa vya viti, tukabaki tumelowa kwenye baridi ile, na mimi nikaanza kutetemeka meno yanagongana, kiasi kwamba nilipomsalimia Mzee Mtewele nilitaka kusema kamwene, salamu yetu ya huku, ikatoka vipande vipande. Mzee akanipa mkono, akanusa, akaniangalia machoni, akasema karibuni ndani.

Hebu nitazameni nilivyokaa pale. Macho mekundu kwa sababu ulanzi umeniingia machoni. Natetemeka. Maneno hayatoki sawasawa. Nanuka kilabu kizima. Na mbele yangu mtu ambaye katika dunia hii yote anamwogopa mlevi mmoja tu, yule wa pili kuja kumwoa binti yake. Baba mdogo akaanza maneno yake vizuri, kwamba sisi ni wapita njia, tumeona mche mzuri kwenye shamba la mzee, na kwamba kuhusu harufu hii mzee asishangae, kuna dumu lilipasuka. Shangazi akaguna. Mimi lile guno likanichoma, nikaona hapa haaminiwi mtu, lazima nijitetee mwenyewe, nioneshe akili zangu zimekaa sawa.

Mzee Mtewele akanigeukia, pengine kwa huruma tu, akaniuliza, "Kijana, na hiyo gari ni ya nani?"

Jamani. Jibu ni "ni yangu, baba." Maneno matatu.

Mimi nikaanza na ndege. Nikamweleza kwamba hawa waliotengeneza gari hii asili yao ni mafundi wa ndege, kwamba baada ya vita wakakatazwa ndege, kiwanda kikagawanywa vipande vipande, wakawa wanaunda vipikipiki kwa magurudumu ya mkia wa ndege yaliyokuwa yamebaki stoo, halafu vile vipande vitano vikaungana vikazaa kampuni moja, ndiyo maana puani kuna nyota moja kubwa na ndogo tano. Na nyota hizo zipo mbinguni, ni Kilimia chenyewe, kile ambacho wakulima wamekitazama tangu zamani wapate kujua msimu, kwa hiyo mzee, gari hii kwa kweli ni ya mkulima. Nilisema hivyo. Nilisimama kusema hivyo. Nilipoona hawaelewi habari ya injini nikachukua vikombe vya chai, nikavilaza mezani viwili viwili kuonesha vyuma vinavyopigana ngumi kwa ubavu, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, na shangazi akaanza kuvisogeza vikombe kimoja kimoja mbali na mimi, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Kadiri nilivyoona wanavyoniangalia ndivyo nilivyozidi kueleza. Nikawatolea na hadithi ya yule wa Lugarawa. Baba mdogo alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka kiatu kikanivuka.

Nilipoishiwa pumzi nikakaa. Bibi peke yake alikuwa anatabasamu, lakini bibi aliuliza tu kama kwenye dumu kumebaki kidogo.

Mzee Mtewele akasema wamenisikia, na kwa leo jibu hawana. Kisha akanyoosha mkono, akataka funguo za gari. Kwake hatoki mtu ananuka hivyo ameshika usukani, watu watasemaje. Nikampa. Akaturudisha mpaka Njombe mjini kwa pikapu yake ya zamani, moja kati ya zile ambazo kundini tumezitukana miaka yote, na sisi tumekaa nyuma kwenye magunia na ukungu unatupiga, na haikuzima wala haikukohoa hata mara moja. Nikimpigia Skola hapokei.

Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu, nimeoga hadi ngozi inauma, nimejiandaa kula kiapo mbele ya yeyote kwamba sinywi. Gari nikaikuta uwanjani imeoshwa ndani na nje. Mzee alikuwa anachambua mbegu za viazi. Nikaanza, baba, mimi kweli pombe, akanikatisha kwa mkono.

"Habari ya pombe niliijua tangu ulipokuwa mlangoni," akasema. "Mlevi ananuka mdomoni, wewe ulinuka suti. Na baba yako mdogo alitueleza, tukamwamini."

Nikamwuliza, sasa nikanyimwa jibu kwa nini?

Akaendelea kuchambua viazi vyake. "Mkwe wangu wa kwanza alipenda chupa. Nilimpa binti nikaona mwisho wake. Wewe nilikufungulia mdomo kwa swali la gari, ili woga ukutoke useme kilichokuleta. Chai ilipoa, kijana. Skola alikuwa nyuma ya mlango, amesimama muda wote ule, anangoja alisikie jina lake."

Nimepigwa na maisha mara kadhaa, nimeibiwa, nimefeli mitihani, lakini sijawahi kuona haya kama nilivyoona pale mbele ya rundo la viazi. Hadi ndege zilikuwemo, hadi mama wa Lugarawa nisiyemjua. Yeye hakuwemo.

Skola akatoka na funguo, akazishika kwa ncha kama kitu cha mtu mwingine, akaniambia gari yangu ni safi, naweza kwenda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua, macho yalikuwa mekundu na safari hii si kwa ulanzi. Nikamwambia sikufuata gari. Akaniambia, "Basi ungesema wiki iliyopita." Akaziweka funguo kwenye benchi akaingia ndani.

Niliziacha pale pale. Niliondoka Uwemba kwa mguu, kwa bodaboda, kwa lifti ya lori la mbao, na nikafanya hivyo kila Jumapili niliyokwenda kumwomba radhi, na gari imekaa kwao inakaliwa na kuku, mpaka viazi vilipovunwa ndipo Skola akatuma neno kwamba baba mdogo anaweza kurudi.

Tukarudi. Baba mdogo alinionya njiani kwamba nikifungua mdomo huko bila kuulizwa atanyanyuka aondoke. Maneno yakasemwa, mche ukatajwa, shamba likatajwa, na mwishoni Mzee Mtewele akanigeukia tena, nami jasho likanitoka kwenye baridi ile, akaniuliza nimefuata nini kwake.

Nikasema, "Skolastika." Nikafunga mdomo.

Wakawa wananitazama mpaka nikahisi jibu limepungua, kwamba labda ningeongeza na lingine, ulimi ukaniwasha, Mungu wangu ulivyoniwasha, kwa maana dirishani naiona gari na kuku amesimama juu ya boneti. Lakini nikaung'ata. Halafu nyuma ya mlango nikasikia mtu anacheka, taratibu, yule yule, na shangazi akapiga kigelegele.

Kwa hiyo ndugu zangu, gari bado ninayo na kwenye kundi bado nimo, sikatai. Ila kwenye mlango wa watu siku hizi nataja kwanza kilichonileta, kisha nakunywa chai yangu ingali moto, na mtu akiniuliza habari za gari namwambia amwulize mke wangu, ndiye anayeiendesha.