Nani Ana la Kutuma?

Biubwa wa Ndagoni ana kicheko kinachomtangulia. Ukikisikia uchochoroni, teleka chai, maana mwenyewe hayuko mbali. Lakini usidhani kimekuwapo siku zote. Miaka michache nyuma alilala akiutazama ukuta, ukili wa mikeka yake ukamkaukia pembeni, na majirani wakagawanyika: hawa wakasema mvivu, wale wakasema ana jini. Mwenyewe alitamani liwe jini, maana jini angalau hupigiwa ngoma na watu wakala wakashiba.

Aliyembandua pale ukutani ni Laurencia, daktari wa kliniki mjini Kilindoni, mtu wa bara mwenye subira. Alimwambia ugonjwa wake una jina, unaitwa sonona, una dawa na una mazungumzo, na aibu hauna. Biubwa alirudi na jina hilo kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu.

"Mwenye presha hutangaza presha yake," aliwaambia majirani. "Mwenye sukari hukataa chai ya watu hadharani. Mimi nimekosa nini?"

Sasa, Ndagoni mtu haendi mjini kimyakimya. Huo ni uchoyo. Ukienda Kilindoni unauliza nyumba kwa nyumba nani ana la kutuma, na jioni unarudi na uzi wa huyu na betri za yule. Kwa hiyo kila siku ya kliniki Biubwa hujifunga kanga za kutokea, akapanda pikipiki ya Mansuri, akapita mtaa mzima akiita, "Nakwenda kliniki ya moyo mzito. Nani ana la kutuma?"

Mwanzoni watu waliinamisha macho. Lakini aibu gani itashinda shida ya hamira? Siku hizi akichelewa kutoka, wanamfuata mlangoni kumuuliza kama amepona, na wanauliza kwa wasiwasi mkubwa.

Nyumba moja tu haikutuma. Ilikuwa ya Bi Arafa, ambako mkwewe, Mwanaharusi, alikuwa amejifungia tangu mimba yake ilipoharibika. Bi Arafa alikwisha kusema ni jini, na akisema Bi Arafa, basi hukumu imepita. Biubwa alipochungulia dirishani aliuona mgongo wa binti yule umegeukia mlango, akaujua kuliko anavyoijua mikeka yake. Alimwogopea sana. Kila akifika pale kicheko kilimkatika.

Asubuhi moja, pikipiki ikiwa inanguruma, dirisha likafunguka kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Nina la kutuma." Mwanaharusi aligeuka kwanza kutazama nyuma. "Niletee zile dawa zako. Hata kidogo."

Biubwa akaitikia vilevile anavyoitikia hamira. Huko kliniki akamweleza Laurencia agizo hilo bila kupepesa, na daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, dawa hii hatumwi mtu. Kila mgonjwa hutazamwa mwenyewe na kusikilizwa mwenyewe. Mlete."

"Na asipokubali?"

"Usiache kupita dirishani. Na wa nyumbani kwake wasimwache peke yake."

Biubwa hakuwa amewahi kurudi bila agizo la mtu. Njia nzima alimlalamikia Mansuri, kana kwamba pikipiki ndiyo iliyokataa. Alipofika alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Mzigo wako umegoma kupakiwa, mwanangu. Unakutaka mwenyewe ukaufuate."

"Watu wataniona."

"Watakuona, ndiyo. Mimi huonwa kila mwezi na bado sijaisha. Tena siku nyingine moyo hunirudia uleule, nikalala na kanga usoni. Mara mtu anabisha hodi kuuliza uzi wake. Hawatazami uso wako hao, wanatazama kikapu."

Ndani kikasikika kicheko kidogo, cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Biubwa akaangua kilio palepale uchochoroni, wala hakujificha.

Siku ya kliniki iliyofuata pikipiki ilisimama kwa Bi Arafa, na mlango ukafunguka. Mwanaharusi alitoka amejifunga kanga vizuri. Biubwa akafungua kinywa aite, kisha akakifunga.

"Leo ita wewe."

Mwanaharusi akaita.

"Hiyo hata Mansuri hajaisikia," alisema Biubwa, "na yuko mbele yako."

Akaita tena, safari hii ikatoka: "Nakwenda kliniki ya moyo mzito. Nani ana la kutuma?"

Bi Arafa akatokea mlangoni na unga mikononi, akamtazama mkwewe kwa muda mrefu. Biubwa akajiandaa kumsikia jini akitajwa.

"Hamira," alisema Bi Arafa. "Nakutuma wewe, mama. Huyo mwenzako husahau."

Tangu ajifungie ndani, hakuna aliyekuwa amemtuma Mwanaharusi kitu chochote. Walimpakia katikati, Mansuri mbele, Biubwa nyuma amemshika kiuno, naye akawa analirudia agizo lake kichinichini lisimpotee: hamira, hamira, hamira. Biubwa alicheka mpaka pikipiki ikayumba na Mansuri akatishia kumshusha. Mwanaharusi hakucheka. Alikuwa ametumwa.