Marahaba Iliyoninyima Kitanda

Naona haya kuisimulia hii, wallahi, lakini kwa kuwa nusu ya chuo wameshaisimulia kwa niaba yangu, tena kila mmoja akitia chumvi yake, afadhali muisikie kwa mwenyewe aliyeaibika.

Jina langu Swaleh, kwetu Likoni, na chuo nilichopata kiko Kisauni, kwa hiyo kwenda masomoni ni kuvuka feri, kukikata kisiwa kizima, kisha kuvuka daraja la Nyali, yote hayo kabla ya darasa la asubuhi. Nyumbani nalala sebuleni na binamu zangu wawili, mmoja anakoroma na mwingine anatazama mpira kwenye simu kwa sauti ya juu kama kwamba anawatangazia majirani. Kwa hiyo nilichokitamani chuoni, hata kabla ya hiyo digrii yenyewe, ni kitanda cha hosteli. Vitanda vilikuwa vichache, na tulikuwa tumeshatumiwa ujumbe kwamba siku ya mapokezi mkuu wa wanafunzi atasoma majina ya mafresha, yaani sisi wa mwaka wa kwanza, waliobahatika, mwenye jina aitike mwenyewe pale ukumbini, na asiyeitika kitanda chake anapewa mwingine. Mimi nilikuwa na habari ya chini kwa chini kwamba jina langu limo. Yaani kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja tu, kusema "nipo". Hata kasuku angeiweza.

Nilipotaka kutoka na jeans na fulana, mama akasimama mlangoni. "Unakwenda kwenye baraza la watu wazima na fulana kama mpiga debe?" Basi nikavaa kanzu, nikavaa na koti la marehemu babu, nikatia kofia iliyoshonwa kwa mkono, na kwa kuwa ndevu zangu zilianza mapema (nilizifuga kwa makusudi, nakiri, nikidhani wasichana watazipenda), nilitoka pale kama mtu anayekwenda kuozesha.

Langoni nikakutana na hiyo waliyoiita kamati ya mapokezi. Hawa ni wanafunzi wa mwaka wa pili, wamekaa chuoni mwaka mmoja, lakini ukiwasikia utadhani walikijenga wenyewe, wakaichanganya na saruji. Fulana za manjano, firimbi shingoni, kila mmoja anamwamuru mwenzake. Mafresha walikuwa wakibandikwa kikaratasi cha manjano kifuani, wanapangwa mstari, wanafundishwa kuimba eti wimbo wa chuo huku wakipiga makofi juu ya vichwa, watu wazima waliofaulu mtihani wa taifa! Niliwatazama kwa dharau ambayo sasa naijutia.

Kiongozi wa kamati alikuwa kijana wa bara anayejiita Brayo. Aliponiona akaacha kupiga firimbi, akainamisha kichwa na kuniambia, "Shikamoo, sheikh."

Sasa nyinyi mnajua. Kwetu Pwani mtu wa rika lako akikuamkia hivyo unamkatiza pale pale, unacheka, unamwambia "ah, mimi na wewe sawa," yameisha. Ukiitika umeshajitwisha ukubwa. Adabu hiyo naijua tangu sijaota meno. Lakini nikamtazama yule na firimbi yake, nikajisemea moyoni, huyu anaamkia nguo wala haamkii mtu, wacha nimkomeshe kidogo. Nikajibu kwa sauti nzito ya kuazima, "Marahaba, mwanangu." (Mwanangu! Mtu anayenizidi umri.)

"Tumekungoja sana, sheikh. Kuja huku mbele, kiti yako ndio hii," akaniambia, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeketi meza kuu, kati ya mchungaji mmoja mnene na bwana wa benki aliyekuja kutufungulia akaunti. Ningeweza kunyanyuka, sikatai. Lakini ukumbi mzima ulikuwa na feni mbili tu na zote zimeelekezwa meza kuu, na mbele yangu kuna sahani ya sambusa na chupa ya maji baridi, na kule nyuma mafresha wenzangu wanatokwa jasho mpaka vikaratasi vinawabanduka. Nikajiambia nitakula sambusa moja nitoke. Nilikula nne.

Mchungaji akaniinamia akaniuliza mbona mimi kijana hivi. Nikamwambia sisi watu wa Likoni hatuzeeki upesi, ni samaki. Akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi nikazidi kunenepa kitini. Kisha mkuu wa wanafunzi, mama mmoja mkali mwenye miwani iliyoning'inia, akanisogezea kipaza sauti cha mezani. "Sheikh, tufungulie kwa dua."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasimama, nikasafisha koo, nikasoma dua niliyoihifadhi madrasa, ndefu, kwa mahadhi, nikaongeza na Kiswahili cha kuwaombea wanafunzi wapya wawe wanyenyekevu. (Wanyenyekevu! Na mimi nimetafuna sambusa za watu.) Ukumbi ukaitika amina. Niseme kweli, nilijiona mtu.

Nilipokuwa narudi kuketi macho yangu yakaangukia safu ya nyuma. Kule, kati ya mafresha, ameketi Ustadh Khamisi, mwalimu wangu wa madrasa, mtu aliyenifundisha dua ile ile kwa bakora. Amevaa suruali na shati la mistari, mkoba mgongoni, maana alikuja na bodaboda, na kwa kuwa ni mfupi, mwembamba, hana ndevu za kutajika, amebandikwa kikaratasi cha manjano kifuani. Baadaye ndipo nilipoelezwa. Yeye ndiye sheikh aliyealikwa. Alipojitambulisha mlangoni, Brayo alimwambia, "Zii, sheikh ashafika, wewe kaa na mafresha wenzako," na ustadh, kwa upole wake unaoudhi, akasema alhamdulillahi kama amefika, akakaa amwone ni nani. Sasa firimbi ikalia, wimbo ukaanza, na nikamwona mwalimu wangu anasimamishwa apige makofi juu ya kichwa. Alikuwa ananitazama mimi. Tena anatabasamu. Afadhali angenitupia kiatu.

Bwana wa benki akahutubu kuhusu kuweka akiba, mbele ya watu wasio na nauli ya kurudi makwao. Akafuata mwingine wa sabuni, sijui hata sabuni na elimu ya juu zinakutana wapi. Mimi sisikii kitu, nawaza nitatokaje pale. Kisha mkuu wa wanafunzi akavaa miwani yake na kuanza kusoma majina ya hosteli.

Watu wakawa wanaitika, wanapiga kelele, wanakumbatiana. Halafu likaja.

"Swaleh Mwinyihaji."

Kitanda hicho, hapo, mkononi mwa mama yule, hatua chache kutoka kwangu. Neno moja tu. Lakini nitalisemaje, nikiwa nimeketi ubavuni mwake na koti la babu, wakati watu hao hao wameitika amina yangu muda si mrefu? Nikaitazama chupa ya maji.

"Swaleh Mwinyihaji yupo?"

Mchungaji akaninong'oneza, "Vijana wa siku hizi, sheikh, wanapewa nafasi hata kuja kuzichukua hawaji." Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hayupo. Anayefuata." Akasoma jina jingine, na mvulana mmoja akaruka kutoka kitini akipiga ukelele, na hapo nikawaona binamu zangu wawili, sebule, simu, mkoromo, miaka minne mizima ya mkoromo, na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Nipo!"

Kile kipaza sauti cha dua kilikuwa bado mbele yangu, na kilikuwa wazi. Ukumbi mzima ukanigeukia. Mkuu wa wanafunzi akashusha miwani. "Ndiyo, sheikh, ungependa kuongeza jambo?"

"Swaleh ni mimi," nikasema, na sauti nzito ilikuwa imeshanikimbia, imebaki ile ya kwangu. "Mimi ni fresha."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Mchungaji alicheka mpaka akashika meza. Brayo, mwenye makosa nusu, ndiye aliyecheka kuliko wote, na mpaka leo haoni alikosea wapi. Mkuu wa wanafunzi akauliza, sasa sheikh wetu yuko wapi, na kule nyuma mkono mmoja mwembamba ukainuliwa, umeshika kikaratasi cha manjano.

Ustadh akaja mbele taratibu. Akakivuta kwake kipaza sauti kilichokuwa mbele yangu, akasema, "Dua imeshasomwa, na aliyeisoma ni mwanafunzi wangu. Amekosea mahali pawili tu." Wakacheka upya. Kisha, kwa heshima, akaniombea mimi, mwanafunzi wake, nirudishiwe kitanda.

"Ustadh, utaratibu ni utaratibu," mama yule akajibu. "Aliitwa, akanyamaza."

Kisha mama yule akanigeukia mimi. "Haya Swaleh, ulingoja nini? Hukuitwa?" Nikamwachia ustadh kiti, nikaenda kukaa nyuma na mafresha wenzangu.

Na aliyepewa kitanda changu, ili muelewe dhuluma hii ilivyokamilika, ni mvulana wa Frere Town, ambaye akitoka kwao kwa miguu anafika darasani chai yake haijapoa tumboni. Mimi ndiye ninayegombania feri kila alfajiri. Nimeapa sikalii tena kiti nisichokijua kimewekewa nani, hata kikiwa chini ya feni, hata kikiwa na sambusa. Na nikichelewa, mwalimu wa somo la asubuhi huniita mbele ya darasa zima, "Sheikh Swaleh!", wenzangu wote wakiangua kicheko, nami nasimama nikitweta, koti la mvua mkononi, naitika hapo hapo, bila kungoja kuitwa mara ya pili.