Neno Nililolisema Kwenye Kilio

Binti yetu alikufa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka saba. Homa ilimshika Jumatatu. Jumanne tulimpeleka kituo cha afya, wakatupa vidonge. Jumatano akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, tukamkimbiza hospitali kwa pikipiki, mimi nimemkumbatia katikati. Muuguzi alisema malaria imepanda kichwani. Wakamtundikia serumu. Alhamisi nilitoka kidogo kutafuta maji ya kumpangusa, na nikiwa njiani kurudi nikamsikia mume wangu ananiita kwa jina langu la usichana, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu tuoane. Nilijua kabla sijafika mlangoni.

Kanisani kwetu watu hunitaja kama mwanamke aliyesimama imara katika imani. Wamama hunionyesha kwa wasichana wao na kusema, "Muangalie huyu. Alipoteza mutoto, akapoteza bwana, hakumuacha Mungu." Mimi huangalia chini. Hawajui yote, na ndiyo maana naandika.

Tulikuwa watu wanne katika nyumba yetu hapa Kalemie, kwenye mtaa unaopanda kutoka bandarini. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Mimi ni mshonaji, nashona barazani kwa cherehani ya miguu. Alikuwepo mtoto, na alikuwepo mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kiambi baada ya kufiwa na mumewe.

Afadhali niseme wazi: mimi na yeye hatukupendana. Wazazi wangu ni watu wa kaskazini ya ziwa, waliokuja Kalemie kwa ajili ya samaki. Yeye alikuwa Muluba wa shamba, mwenye mikono migumu, na aliamini wanawake wa ziwa hawajui kazi. Bukari yangu, yaani ugali, aliiona laini mno. Hakuwa akinigombeza, alikuwa anachukua sufuria, anairudisha jikoni, anaongeza unga na kuisonga upya mbele yangu bila kusema neno. Miaka sita alifanya hivyo. Lakini mtoto alimpenda kuliko sisi sote. Alimwita "kambo", yaani bibi, na kila jioni walikula wawili kwenye sahani moja, wamekaa kwenye kizingiti cha jiko. Hata Jumapili ile kabla ya homa walikula hivyo: bukari na ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani.

Siku ya tatu ya kilio, alasiri, wanawake walikuwa wamejaa uani. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka chumbani. Mume wangu akaingia, akakaa karibu na miguu yangu. Alikuwa hajalala tangu Jumatano.

"Jumapili alikuwa anacheza," akasema. "Alikuwa anaruka kamba. Sasa alikula nini, huyu mutoto?"

Nikamjibu, "Umuulize mama yako. Njo yeye alimulisha."

Ni hayo tu niliyosema. Siwezi kudai kwamba ulimi uliteleza. Kwetu hapa ukisema maneno ya namna hiyo kwenye kilio, hakuna anayefikiri unazungumzia chakula; wanasikia uchawi. Nililijua hilo nilipofungua mdomo. Nilitaka mwingine aumie kama nilivyokuwa naumia, na yule mzee ndiye aliyekuwa karibu. Mume wangu akanishika mkono. Tangu mtoto afe hakuwa amenigusa.

Wiki mbili baadaye aliacha kuja nasi kanisani. Alikuwa amepata nabii mmoja mwenye chumba cha maombi nje ya mji, kwenye barabara ya Bendera. Jumamosi moja asubuhi nabii huyo alikuja kwetu pamoja na watu wake. Alizunguka uani akiomba kwa sauti, akasimama mbele ya mama mkwe wangu aliyekuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, akanyoosha kidole.

"Ninaona sahani," akasema. "Sahani moja, mikono miwili. Mukono mukubwa unamulisha mukono mudogo."

Mume wangu akaangua kilio. Watu wote wakashika vichwa. Mimi sikushika kichwa, kwa kuwa nilijua habari ya sahani ilikotoka.

Nabii akaamuru yule mzee afungiwe kwenye kibanda cha jiko siku tatu, bila chakula wala maji, mpaka akubali. Jumanne angerudi na watu wake, na mama wa mtoto, yaani mimi, angesimama na kushuhudia alichokiona. Mama mkwe wangu hakubishana. Alichukua kibao chake cha kukalia, akaingia mwenyewe.

Nimeombwa mara nyingi niwaeleze wamama jinsi jaribu linavyokuja. Kwangu lilikuja kama pumziko. Tangu kilio nilikuwa nimemuuliza Mungu kwa nini, naye alikaa kimya, na jibu pekee nililokuwa nalo lilikuwa la muuguzi: mbu. Mtoto wangu aliuawa na mbu. Utamchukia mbu namna gani? Utamuuliza nini? Lakini mtu mzee aliyekudharau miaka sita unaweza kumchukia ukashiba. Isitoshe, mume wangu alikuwa amenirudia. Tulikuwa tunakula pamoja, tunaomba pamoja, alikuwa ananipangusa machozi kwa kiganja. Nilijua siku nitakayosema kweli vyote hivyo vitaondoka. Kwa hiyo nilijiambia kwamba sikudanganya. Si kweli alimlisha? Si niliona kwa macho yangu?

Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya tangu usichana. Tuliposimama kuimba nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Baada ya ibada nikamfuata mama mchungaji kule nyuma, ambako wamama walikuwa wanakunja vitambaa vya meza.

"Mama, uniombee," nikamwambia.

"Nikuombee nini?"

"Nguvu."

Akaacha kukunja. "Nguvu ya kufanya nini?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kukikunja. Alinitazama, akaweka mkono wake kichwani pangu, akaomba kimyakimya. Sikumsimulia lolote. Nadhani alikuwa amekwisha kusikia habari mtaani.

Jumatatu, jua likiwa utosini, niliingia kwenye kibanda kuchukua makaa. Mama mkwe wangu alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilitegemea anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, ingenisaidia.

Akasema, "Cherehani yako imekaa siku nyingi. Itashika kutu. Uipake mafuta."

Nikatoka nje, nikasimama karibu na pipa la maji. Sijui nilisimama muda gani. Kisha nikachota kikombe, nikarudi.

"Hapana," akasema. "Bwana yako amekataza. Usigombane naye sababu yangu."

Nilipiga magoti, nikamshika shingo kwa nyuma kama anavyoshikwa mgonjwa, nikamnywesha. Alikunywa chote. Akasema "wafwako", yaani asante kwa Kiluba, akafumba macho. Nilikaa pale kwenye majivu nikamwambia Mungu kwamba sitaki. Ndiyo sala niliyosali siku ile: sitaki kusema, sitaki kubaki peke yangu, mwache huyu mzee afe mwenyewe, amekwisha kuishi. Nilisema hivyo kwa Mungu, kwa sauti ya chini, na yule mzee yuko hatua mbili kutoka nilipo.

Jumanne uani palijaa. Walimtoa kibandani, wakamkalisha chini katikati. Nabii akaniita.

"Mama ya mutoto, sema mbele ya Mungu. Uliona nini?"

"Niliwaona wanakula pamoja, kama kila siku," nikasema. "Mutoto aliuawa na malaria. Ile neno ya sahani ilitoka kwangu. Niliisema kwa uchungu na kwa chuki. Huyu mama hana kosa. Mimi njo nilisema uongo."

Kisha nabii akapiga makofi mara moja. "Munaona? Amefungwa ulimi! Sasa wako wawili!"

Watu wakaanza kusogea. Mwanamke mmoja ambaye nilimshonea gauni la harusi akaokota jiwe. Wakati huo mama mchungaji na wamama wawili wa kanisa walikuwa wamesimama kwenye lango, sikuwaona walivyofika. Walipita katikati ya watu kama wanaokwenda sokoni, wakakaa chini, mmoja kulia kwa mama mkwe wangu, mwingine kushoto, na mama mchungaji mbele yake. Hawakubishana na yeyote. Walikaa tu na kanga zao nzuri kwenye vumbi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpiga mama mchungaji. Nabii aliongea, akaongea, mwishowe akaondoka, na watu wakamfuata.

Mume wangu alibaki amesimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga.

"Nilikuwa nimepata mahali pa kuweka hii kifo," akasema polepole. "Sasa umeniachia yote mimi mwenyewe."

Mvua za kwanza zilimkuta amekwisha kuondoka. Alipanda treni kwenda Kongolo, kwa kaka yake. Hatukugombana. Alikunja mashati yake, akachukua picha moja ya mtoto kati ya mbili tulizokuwa nazo, akaenda.

Tukabaki wawili, mimi na yule mzee. Wateja walipungua, wengi waliogopa nguo iliyotoka kwenye nyumba ile. Kwa miezi mingi sikuweza kusali. Nilikwenda kanisani kila Jumapili kwa sababu miguu ilijua njia. Watu wanasema niliishikilia imani; mimi naona wamama wale ndio walionishikilia, walipokuwa wanakuja Jumatano kuchambua maharagwe barazani kwangu bila kuniuliza moyo wangu ukoje.

Mwaka uliofuata mume wangu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa laini. "Umutoe mama kwa nyumba," akasema. "Arudi Kiambi. Ukimutoa, nitarudi. Tutaanza upya. Tunaweza kupata mutoto mwingine."

Sikumkatalia. Nilimwambia nitafikiri, na nilifikiri juma zima. Niliosha mapazia. Nilijipima gauni. Nilijiambia kwamba Kiambi kuna ndugu zake, kuna shamba, kwamba mzee atafurahi kwao. Jumamosi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameketi mlangoni, nguo zake amezifunga kwenye kitambaa, sufuria yake juu.

"Unaenda wapi?"

"Kiambi. Kuna lori inaondoka kesho. Wewe ungali kijana."

Nikakaa chini karibu naye. Mpaka siku ile nilikuwa sijamwomba msamaha. Nilikuwa nimesema kweli mbele ya watu, lakini yeye mwenyewe sikuwa nimemwambia lolote.

"Mama," nikasema, "ile neno kwenye kilio…"

"Ninajua. Nilikuwa nyuma ya dirisha, nilikuwa napepeta muchele. Nilikusikia."

"Tangu siku ile ile? Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umetoka kuzika mutoto." Akavuta uzi kwenye ukingo wa kitambaa. "Lakini zile siku tatu, nilikungojea."

Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Nilipoweza kuongea nikamuuliza kama alinisamehe.

"Jumanne nilikusamehe," akasema. "Jumatatu, hapana. Jumatatu ilikuwa bado."

Nikaufungua ule mzigo, nikarudisha nguo zake mahali pake. Jioni nilimpigia mume wangu simu, nikamwambia mama yake haondoki. Hakunipigia tena. Baadaye nikasikia ameoa kule, na amepata mtoto wa kike.

Mama mkwe wangu aliishi nami miaka mitano mingine. Hatukugeuka mama na binti kama watu wanavyopenda kusimulia. Aliendelea kuisonga upya bukari yangu. Lakini alipougua kifua, mwaka jana wakati wa kiangazi, hakutaka mwingine amuogeshe ila mimi. Alikufa mchana, nimemshika mkono, na mama mchungaji anaomba.

Mume wangu alikuja kwenye mazishi. Amenenepa, ana mvi. Baada ya watu kutawanyika alinifuata barazani, akabaki amesimama, kofia mkononi.

"Alikuwa na hasira na mimi?"

Ningeweza kumponya kwa uongo mdogo, na ningeweza kumkata kwa kweli. Nilitafuta jibu ambalo halikuwa kati ya hayo mawili, nikalikosa. "Hakutaja jina lako tena," nikamwambia. "Sijui alikuwa na nini moyoni."

Aliinamisha kichwa. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha. Msichana wa miaka mitatu hivi, na paji la uso ninalolijua. Nilishindwa kuondoa macho.

"Ni muzuri," nikasema.

"Anashikwa na homa kila mara." Akakifuta kioo cha simu kwa kidole. "Umuombee. Sina mwingine wa kumuomba."

Aliondoka Jumatano. Namuombea yule mtoto. Kuna asubuhi namuombea kwa moyo, na kuna asubuhi wivu unanishika, naona paji lile, na ninachotaka kumwambia Mungu si cha kuandika. Siku hizo namuombea huku nalia, jina lake kwanza, halafu afya yake, mpaka nimalize maombi yote.