Siku Niliyokifua Kitambaa cha Bi Nora

Jamani, hili nimekaa nalo mwaka mzima, na anayelijua nusu yake ni Mama Salha peke yake, na nusu hiyo ni makosa yake. Leo nalisema lote. Nichekeni mpaka mchoke, lakini mjue kwamba mimi mwenyewe nikilikumbuka huwa sicheki.

Kazi yangu mnaijua, natunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi natoka Germantown nakwenda Rockville kwa Bi Nora, bibi wa miaka themanini na sita wakati ule, mzaliwa wa Ayalandi aliyekuja huku Marekani akiwa msichana, na sasa miguu imemgomea. Jina langu la Mwanahamisi lilimshinda siku ya kwanza, akalikata, akaniita Hami, nami nikaridhika. Ana mjukuu mmoja tu, Claire, na Claire alikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya mbili za kabla yake kuharibika. (Hilo nilikuwa nalijua. Ndiyo maana linaniuma zaidi.)

Basi tarehe mosi Februari nafika asubuhi, baridi ya kukata masikio, naegesha gari, nainua macho, naona kwenye kichaka cha mlangoni pamefungwa kitambaa chekundu, kipande kirefu kimechakaa, kimekakamaa kwa barafu, na chini yake kuna kikapu, na ndani ya kikapu kalazwa mwanasesere wa majani makavu, kavishwa kijigauni cheupe, hana macho wala mdomo. Mimi mtoto wa Tanga! Kitambaa chekundu mtini na sanamu ya mtu mlangoni kwa mgonjwa, mlitaka nifikiri nini? Nikasoma Ayatul Kursi palepale, nikapiga picha, nikamtumia Mama Salha.

Mama Salha ni shoga yangu wa Mombasa, anakaa Sterling, na mambo haya anajitia bingwa. Dakika haikupita, akanirudishia sauti: "Wee Mwanahamisi, hiyo ni kazi ya mtu, wallahi! Bibi wa watu karogwa! Kitoe hicho kitambaa, lakini usikishike mkono mtupu, kitie kwenye maji ya moto na chumvi tele, ukisomee, nguvu zote zitatoka. Na hako kadoli katupe. Na usimwambie mgonjwa, utampandisha presha bure."

Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu Bi Nora alikuwa macho, yuko hatua kumi kutoka nilipo, anangoja chai yake, na swali lenyewe lilikuwa fupi tu: hiki ni nini? Sikuuliza. Kiherehere kilishanipanda. Nikavaa glavu za kazi, mbilimbili, nikakifungua kile kitambaa, nikaingia nacho kwa mlango wa nyuma mpaka chumba cha kufulia, nikakitia kwenye beseni la maji ya moto, nikamwaga chumvi kopo zima, kisha (hili hata Mama Salha hakuniambia, hili ni langu mwenyewe) nikaona nizidishe, nikamimina na jiki, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, chupa nusu. Nikafunika. Mwanasesere nikamzika kwenye pipa la taka nje, chini ya maganda ya ndizi, halafu nikanawa mikono mara tatu nikaenda kumpa bibi chai, nikitabasamu kama mtu aliyeokoa roho ya mwenzake.

Bi Nora siku hiyo alikuwa na furaha, akataka gauni lake la bluu, akataka nimchane nywele vizuri. "Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Brigid, Hami. Kwetu ndiyo siku baridi inapoanza kulegea. Watakuja majirani na watu wa kanisani, na Claire." Nikamwambia hongera, na moyoni nasema, maskini, hajui kuna mtu anamtaka ubaya.

Saa sita mchana sebule imejaa, watu kama kumi na wawili, wameleta mikate na siagi na keki, mimi nazungusha sinia la chai. Claire akaingia na mumewe, tumbo mbele, hata koti hajavua, akauliza: "Bibi, mmeshakiingiza kitambaa? Jana nilikifunga pale kwenye kichaka, sasa sikioni."

Kumbe ni yeye! Jamani, sinia nikaliweka chini. Toka lini mjukuu akamfanyia hivi bibi yake, tena mwanamke mwenye mimba? Nikasema mbele ya watu wote, na kidole nimekinyoosha: "Kumbe ni wewe uliyekitundika! Mimi nimekiona, na nimeshakimaliza. Hakimdhuru tena bibi!"

Bi Nora akaniuliza taratibu, "Umekimaliza vipi, Hami?" Na mimi, badala ya kutambua kwamba hapa pana jambo, nikaenda kulileta beseni, nalibeba kwa fahari kabisa, nikalifunua katikati ya watu. Kile kitambaa kilikuwa cha sufu, na jiki na sufu havipatani. Kilikuwa kimekuwa cha manjano, kimelika matundu, na nilipokiinua ili waone kazi yangu kikakatika vipande viwili vikaanguka majini kama uji.

Bi Nora akanieleza, bila kupandisha sauti, na kila neno lilikuwa kofi. Kitambaa kile kilikatwa kwenye shali la mama yake. Kwao, mkesha wa sikukuu hii mtu hutundika kitambaa nje ya nyumba, Brigid akipita anakibariki, na kitambaa hicho huwekewa mgonjwa, au mwanamke mwenye mimba ajifungue salama. Kikitundikwa miaka saba mfululizo, baraka yake hutimia. Walianza mwaka Claire alipoolewa. Huu ulikuwa wa saba. Siku ile ndiyo walikuwa wakiweke juu ya tumbo lake.

"Na Brigid mwenyewe yuko wapi?" akauliza jirani mmoja. Nikadhani ananitania. Kumbe yule mwanasesere ndiye Brigid, alikuwa akaribishwe ndani na kutandikiwa kitanda. Nikatoka nje na aproni yangu, nikainamia pipa la taka, watu wamejaa dirishani, nikamtoa na ganda la ndizi limemkalia kichwani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Laiti Claire angenitukana! Alikaa, mkono tumboni, machozi yanamtoka, kisha mumewe akamchukua wakaondoka bila kuonja chochote.

Wageni walipokwisha kuondoka nikamwomba radhi Bi Nora, nikamwambia nilidhani karogwa. Akanitazama. "Ukadhani ni Claire?" Nikaitikia. "Miezi kumi unaniosha mgongo, Hami," akasema, "ukashindwa kuniuliza?" Nikakusanya vikombe, nikaenda kuviosha.

Hakunifukuza, ingawa niliyataka mwenyewe. Lakini ile miezi minne iliyofuata, kila simu ilipolia pale nyumbani niliacha kazi nikasikiliza, kwa sababu nilijua, mimba ile ikitoka, hakuna atakayesema neno, ila wote watanikumbuka mimi na beseni langu. Mtoto alizaliwa Juni, wa kike, mzima, alhamdulillahi, nililia kuliko mama yake. Sasa Claire humleta, na hunipa nimpakate, lakini kila mara kabla ya kumwachia huchelewa kidogo, kidogo sana, na mimi huona.

Mama Salha nimemkataza kunitumia sauti zake za uganga, na mimi nimeapa: nisichokijua nitauliza kwanza, hata wanione mjinga.

Na mwaka huu, mchana wa kuamkia sikukuu, Bi Nora alinipa shali jipya la sufu, bado lina karatasi ya duka. Akaniambia, wewe uliyeharibu ndiye utakayetundika. Nikatoka, nikalifunga vizuri, yeye ananiangalia dirishani kutoka kwenye kiti chake. Niliporudi ndani akanyoosha kidole kimoja. "Moja," akasema. "Bado sita."

Bi Nora sasa ana miaka themanini na saba. Nikamwitikia, bado sita, nikaenda jikoni kumchemshia chai.