Uso wa Pili katika Picha ya Chesang

Chesang hakuwahi kumwogopa mtu aliye hai. Tuliolewa katika ukoo mmoja kule Kuresoi, yeye nyumba ya Tapkigen na mimi nyumba ya jirani, na nilimwona kwa macho yangu akimrudisha fahali aliyekata kamba akiwa na mwiko tu mkononi. Mume wake alipofariki alihamia mtaa wa Kaptembwo, akaanza kuuza mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu. Mimi nilimfuata baadaye, baridi ya milimani iliponishinda. Mteja akimletea ujeuri mlangoni, Chesang alimtajia jina la baba yake na la babu yake, mpaka mtu akanywa akanyamaza. Kwa hivyo nikisema nilimwona akitetemeka mbele ya kamera, msidhani ni ushamba.

Mwanawe Kipruto yuko ng'ambo, anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na mkewe Cheruto yuko naye huko. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Walimpa jina walilolitoa kwenye simu. Mtoto yule alilia tangu alipozaliwa, madaktari wakampima huku na huku wasione ugonjwa, na asubuhi moja akanyamaza. Tulimlilia hapa Kaptembwo bila hata kumwona.

Cheruto aliposhika mimba nyingine, Kipruto akapiga simu. "Mama, njoo," alisema. "Huyu hatutaki kumpa jina sisi wenyewe."

Kwetu mtoto hachaguliwi jina, anaulizwa. Akina mama wanaojua ukoo wa baba yake wanakaa naye, wanaweka ugoro kidogo karibu na pua, halafu wanataja waliokufa mmoja mmoja. Atakayetajwa wakati mtoto anapiga chafya, huyo ndiye amerudi. Tunaita kurenet. Mkimruka aliyetaka kurudi, mtoto analia tu, mpaka mumwite yule mliyemruka au mtoto aende zake. Kule ng'ambo hakukuwa na mwanamke hata mmoja anayejua wafu wa ukoo ule. Ilikuwa ni Chesang afike, au mtoto wa pili apewe jina la simu kama wa kwanza.

Pasipoti alikuwa nayo. Kipruto alikuwa ametuma barua ya mwaliko na kila kitu. Kilichobaki ni maombi ya viza ya matembezi, na hayo siku hizi hayapelekwi kwa mkono, yanajazwa kwa mtandao. Tukaenda kwa Mathenge mwenye saiba, kile kiduka cha intaneti, mtu mnene wa kucheka, ambaye kila mwanamke mwenye mvi kwake ni mathe.

"Mathe, umewahi kunyimwa viza?"

"Ninyimwe na nani, na sijawahi kuomba?"

"Hapana, basi. Una mpango wa kurudi?"

"Nisiporudi vibuyu vyangu vitaoshwa na wewe?"

Mathenge akacheka mpaka kiti kikalia. "Na unasafiri peke yako?"

"Niende na nani?"

"Peke yake," akasema Mathenge, akabonyeza.

Ikabaki picha. Alimsimamisha ukutani, akampiga na simu, akaipandisha kwenye ile fomu. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaandika kitu kwa rangi nyekundu. Mathenge akakisoma, akakuna shingo.

"Inasema kwenye picha kuna watu wawili."

Tulicheka sote. Ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya msichana wa sabuni, tukasema ndiye huyo. Mathenge akaitoa kalenda, akapiga tena. Watu wawili. Akamtoa Chesang nje, akamsimamisha mbele ya mlango wa mabati. Watu wawili.

"Hii sistimu ni fala," alisema Mathenge, halafu akakumbuka tuko hapo. "Samahani, wamathe."

Akaikuza picha ili tuone. Alikuwamo Chesang peke yake, kichwa wazi bila kitambaa, amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Lakini kompyuta ilikuwa imechora mraba mwembamba kuzunguka uso wake, na mraba mwingine mdogo juu ya bega la kushoto, mahali ambapo palikuwa mabati matupu.

"Hapo imeona nani?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu, mathe. Ni mabati." Hakuwa anacheka tena. "Lakini tusikawie. Fomu ikilala sana bila kukamilika inajifuta, tunaanza mwanzo."

Wakati huo ndipo nilipoisikia harufu. Sisi kibuyu tunakisugua ndani kwa mkaa wa mti, na kila mwanamke ana mti wake. Harufu ile nilikuwa naijua. Chesang akaniona navuta pumzi, akasema ni yeye, si anauza mursik. Lakini Chesang alikuwa ameoga na kuvaa koti lake la kanisani, na mkaa anaotumia yeye ni wa senetwet kama wangu. Ile ilikuwa harufu ya mti ambao sijui nani bado anautumia. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa Kuresoi, jikoni kwa Tapkigen, mama mkwe wake Chesang.

Niwaambie kuhusu Tapkigen. Alikuwa mwanamke mrefu asiyepaza sauti. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya Chesang akipika, upande wa kushoto, na kutazama. Chai ya Chesang hakuinywa hata siku moja. Akimiminiwa anasukuma kikombe kwa nyuma ya vidole, polepole, na wageni wakiwapo anakichukua na kwenda kumwaga mlangoni. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho Chesang alimpelekea maziwa kwa kijiko, na mimi nilikuwa nimeketi pale. Tapkigen akafunga mdomo. Baadaye akasema, "Maziwa yako nitayanywa siku moja. Sitakuwa na meno, na wewe hutakuwa na pa kwenda."

Tuliona ni maneno ya homa, maana Tapkigen alizikwa na meno yake yote.

Baada ya hapo Chesang alizaa watoto wengine, wasichana watupu, na kila tulipokaa kuwaita majina alitukazia macho. Tapkigen asitajwe katika nyumba yake. Tulimruka. Wale wasichana walipiga chafya kwa majina mengine, wakakua vizuri, na tukafikiri mambo yameisha.

Mathenge alishauri twende kwa Ketan, mjini, mwenye studio aliyoachiwa na baba yake. Hapo ndipo watu wengi wa rika letu tulipigiwa picha zetu za kwanza. Kuna ukuta mweupe safi na taa mbili kubwa, moja huku na moja kule, ili kivuli kisikae mahali.

"Mimi napiga picha ya watu ya kwenda kila nchi, mama," alisema Ketan. "Hapa hakuna kukataliwa."

Alipiga, akamtumia Mathenge kwa simu. Mathenge akajibu palepale, "Bado ni wawili, boss."

Ketan akainama tena kwenye kamera yake, akaangalia kwa muda. Nayo kumbe inachora ule mraba. "Mama, ambia huyo mwenzako asogee kando kidogo," alimwambia Chesang akiwa ameinama. Kisha akainua uso, akaniona mimi nimekaa kule mlangoni, mbali, na mkoba wangu mapajani.

Alikwenda kuzima taa moja, akaiwasha tena.

Nikasimama. "Mama Kipruto," nikamwambia kwa lugha yetu, "mwite."

"Nani?"

"Unamjua."

"Simwiti. Alimwaga chai yangu mbele ya kaka zangu."

"Mwite. Anataka kwenda."

"Aende kwa miguu yake."

"Miguu anayo? Ndiyo maana amekushika bega."

"Kwa hiyo nimbebe mimi mpaka kwa mjukuu wangu, aende kunitazama huko pia?"

"Mjukuu mmoja alishakwenda akilia," nikasema. "Unataka na huyu?"

Aliketi kwenye kile kiti cha kupigiwa picha, taa zikimmulika huku na huku, na ndipo nilipoiona mikono yake ikitetemeka. Tangu nimjue sikuwa nimeiona hivyo. Halafu akamgeukia Ketan. "Kijana, una maziwa ya kumwaga?"

Nilidhani Ketan atatufukuza. Aliingia nyuma akatoka na pakiti iliyofunguliwa. "Mama yangu, Shakuntala, pia alikuwa namwaga maziwa," alisema. "Lakini yeye alikuwa namwagia Mungu."

"Huyu si Mungu," Chesang akasema. "Ni mama mkwe."

"Hiyo ni kali zaidi," akasema Ketan.

Chesang akaenda kizingitini. Saruji ilikuwa kavu, ya rangi ya majivu. Akamimina kidogo, akasema, "Tapkigen. Ulinisumbua ukiwa hai na sasa unanisumbua. Ukitaka kwenda, tangulia, wewe huombi viza. Nitakutaja wa kwanza kabla ya wote. Lakini toka kwenye picha yangu."

Akarudi, akaketi. Ketan akapiga mara moja tu. Kabla hatujafunga mikoba yetu, simu ya Mathenge ikaingia. "Imekubali. Mtu mmoja."

Tulipotoka nilitazama chini ili nisikanyage yale maziwa. Kizingiti kilikuwa kikavu. Hapakuwa na doa, wala paka wa kulaumiwa. Chesang aliona nilichoona, akaruka kizingiti kwa hatua ndefu, akaenda zake mbele.

Viza ilitoka. Chesang alipanda ndege amevaa koti lilelile la kanisani, akafika Cheruto akiwa bado mzito. Mtoto alipozaliwa, msichana, walinipigia simu ya kuonana ili niwe shahidi. Nilimwona Chesang amempakata, dirishani nyuma yake theluji. Ugoro hawakuwa nao. Nikamwambia asubiri, Kipruto atafute hata pilipili ya unga, maana mtoto hapigi chafya bure.

"Namtaja kwanza niliyemwahidi," alisema Chesang. Akainamisha kichwa. "Tapkigen."

Mtoto akapiga chafya.

Kipruto akapiga makofi, Cheruto akalia kwa furaha. Kwetu hapo tunapiga vigelegele, lakini Chesang alibaki akimtazama yule mtoto, na mimi huku nikakosa pumzi ya kupigia.

Sasa yule mtoto ni mnene, ana afya, halii kabisa. Madaktari wa huko wanamsifu. Jambo ni moja tu. Titi la mama yake alilikataa, na chupa anaikubali mkononi mwa Chesang peke yake. Kipruto akiishika, mtoto anafunga mdomo. Cheruto akiishika, anafunga mdomo. Siku Chesang alipolala na homa, mtoto alikaa bila kitu tangu asubuhi mpaka bibi yake akainuka kwa kushika kuta. Kipruto anacheka kwenye simu, ati mama amewanyang'anya mtoto.

Viza inakaribia kuisha. Mathenge anamjazia maombi ya kuongezewa muda, na juzi alinipitia nyumbani kwa Chesang, mahali ninapomlindia vibuyu. Kuna swali kwenye fomu linalotaka sababu ya kutorudi. Nikampigia Chesang nimuulize aandike nini.

Alijibu kwa sauti ya chini, ile ya mtu asiyetaka kusikika chumbani alimo.

"Anakunywa sasa, Mama Kibii. Hafumbi macho kama watoto wengine. Ananitazama tu. Akishiba anaisukuma chupa kwa nyuma ya vidole, polepole."

"Ameota meno?" nikauliza.

"Bado."

Nikaketi juu ya kitanda chake. Kile chumba, tangu aondoke, hakina harufu yoyote.

"Basi mpe," nikamwambia. "Mpe anywe."

"Nitaenda wapi?" akasema.