Damu Ambayo Sikuitafsiri

Mama yangu alizaliwa Kasulu, akaolewa Kasulu, na Kiswahili kilimpita pembeni. Salamu aliziweza, na maneno machache ya sokoni. Mengine yote alisema kwa Kiha, na mkalimani wake nilikuwa mimi, maana mdomo ninao. Nyumbani waliniita redio.

Alianza kukohoa tukivuna maharage. Nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mgeni wa huku, akauliza, "Mama anajisikiaje?" Mama akajieleza taratibu, mkono kifuani: anakohoa, ubavu mmoja unabana, na asubuhi mbili kohozi limetoka na damu.

Nikamgeukia daktari. "Anakohoa, na kifua kinambana kidogo."

Damu niliimeza. Wiki tatu mbele wakwe zangu watarajiwa walikuwa waje kutoka Kibondo kuleta mahari. Kwetu ukisema damu kwenye kohozi, watu wanasikia kifua kikuu, na mlango wa daktari ulikuwa wazi, kwenye benchi amekaa jirani yetu, yule ambaye habari hailali tumboni mwake. Niliona ndoa yangu ikivunjikia pale pale. Jamani, ujinga ule! Nilijiambia nikishaolewa nitasema. Tukapewa dawa ya kikohozi. Tulirudi tena mara mbili, na mara zote mbili sikuitaja.

Nikaolewa. Mama alinichezea ngoma huku ameshika ubavu, na mimi nikamwona, nikatazama pembeni.

Baada ya miezi kadhaa pumzi ilianza kumkata hata akienda kisimani. Ndipo nilipoogopa kweli, tukapanda basi la Mwanza. Kule walimpiga picha, wakatoa kipande kidogo cha nyama ya pafu, wakapima. Haikuwa kifua kikuu. Ilikuwa saratani ya mapafu ya aina adimu, inayompata hata mtu kama mama ambaye hajawahi kugusa sigara. Daktari hakunizungusha. Alisema umri una sehemu yake, na nguvu za mgonjwa pia, lakini kikubwa ni kuwahi: aina hii ikikutwa ingali ndogo, ikakatwa yote, wengi huishi miaka mingi. Ya mama ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Uongo. Niliyeficha ni mimi, na aliyezikwa ni mama.

Siku ile kule Mwanza, kabla hatujatoka, daktari aliuliza damu ilianza lini. Nikamuuliza mama kwa Kiha.

"Mwambie ni tangu wakati wa maharage," akajibu. "Na umwambie wewe uliwaeleza wenzake kule nyumbani, mara tatu nzima, ila hawakutusikiliza."

Daktari alisubiri, kalamu mkononi.

"Anasema tangu wakati wa maharage."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Mama alinishika mkono, akamtazama daktari, akajikongoja kwa Kiswahili chake: "Huyu mtoto, ananisaidia sana."