Maji ya Kulinganishia

Hakuna cha kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza na sururu, leo nina mtambo wangu wa kuchimba visima. Kutoka Isikizya hadi Kaliua, ukiuliza habari za maji utaelekezwa nyumbani kwangu Mtendeni.

Kwa hiyo yule binti wa chuo kikuu alipokuja na kisanduku chake kupima kisima nilichokuwa nimemaliza, nilicheka. Alisema kwenye vichupa vyake mna nyuzi za vinasaba zilizotengenezwa maabara. Zikikutana na madini ya risasi, hata chembe usiyoiona wala kuionja, zinakatika na kuwaka.

"Vinasaba si vya kutafutia baba wa mtoto?" Vibarua wangu wakaangua kicheko.

"Hivi ni vya maji, baba," akajibu, wala hakununa.

Ila chupa yake ya maji safi, ya kulinganishia, ilikuwa imepasukia njiani. Nikamwambia asihangaike kurudi mjini. Garini nilikuwa na dumu la maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye paa langu, na familia yangu haijui maji mengine.

"Haya ndiyo safi. Ya Mungu mwenyewe."

Alisita, akayapima. Kichupa cha kisima hakikuwaka. Changu kikawaka kijani.

"Umekosea. Rudia."

Akarudia. Kikawaka vilevile.

"Baba, mifereji ya paa uliiunganisha kwa kitu gani?"

Kwa betri mbovu za gari. Niliyeyusha risasi yake, nikaziba viungo vyote mwenyewe, fundi hakula hata senti yangu. Miaka yote nilijisifia hilo.

"Kuna mtoto mdogo nyumbani?"

Alikuwepo. Mjukuu wangu, miaka mitatu, hajatamka neno. Lawama nilimtupia mke wa mwanangu, mtu asiye na maneno mengi, tena mbele ya wageni: "Mama bubu, mtoto bubu."

Risasi ilikutwa kwenye damu ya mtoto. Daktari akasema risasi huharibu ubongo wa mtoto; huenda ataongea, huenda asiongee. Mke wa mwanangu hakunipigia kelele. Alimbeba mwanawe mgongoni, akaniamkia shikamoo kama siku zote, akapanda basi la kwao Nzega. Mwanangu akamfuata.

Mifereji nimeing'oa peke yangu. Tenki jipya, mabati, vipimo vya damu, dawa, na nauli za kwenda Nzega, ambako sifunguliwi mlango: shilingi milioni nne, laki sita na elfu themanini na tano.